Barua ya wazi kwa Bunge: nusu yenu ya Waziri Mkuu iko wapi?

Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wabunge wote,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: UWAJIBIKAJI WA WAZIRI MKUU MBELE YA BUNGE

Mheshimiwa Spika,

Nakuandikia hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya nimeshaipita. Barua zangu za awali zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Aliyenijibu alikuwa kijana mstaarabu, simlaumu. Ila jambo lenyewe ni la umma, halihusu pensheni yangu, kwa hiyo naliweka mbele ya umma, mbele yako, na mbele ya waheshimiwa unaowaongoza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia na Uraia. Kila mwaka, tukifika kwenye mada ya mihimili ya dola, alikuwapo mwanafunzi wa kuuliza: huyu Waziri Mkuu mkubwa wake ni nani, Rais au Bunge? Kitabu kilijibu kwamba ni wote wawili, na mtihani ulikubali jibu hilo. Mimi nimeacha kulikubali. Ibara ya 53 ya Katiba yetu inasema Waziri Mkuu atawajibika kwa Rais, kisha ikaongeza kwamba mawaziri, chini ya uongozi wake, watawajibika kwa pamoja Bungeni. Nusu ya Rais tunaiona ikifanya kazi kila siku. Nusu yenu, waheshimiwa, imelala, na miongo mitatu imepita tangu mkabidhiwe.

Kabla ya kuorodhesha malalamiko yangu naomba nirudi nyuma, maana wengi wenu mlizaliwa baada ya mambo haya.

Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 ikiwa na Waziri Mkuu, haina Rais. Malkia wa Uingereza alibaki mkuu wa nchi, Sir Richard Turnbull akawa Gavana Mkuu wake, na Mwalimu Julius Nyerere akaongoza Serikali kwa kuwa TANU ilikuwa na wabunge wengi pale Karimjee, ukumbi lilipokuwa likikaa Bunge. Ulikuwa mfumo wa kibunge kama ulivyokomaa Uingereza tangu siku za Robert Walpole, mwaka 1721. Kule cheo chenyewe hakikuanzishwa kwa sheria yoyote, lakini siku wabunge wakimkataa Waziri Mkuu, mambo yake yamekwisha. James Callaghan alikataliwa kwa tofauti ya kura moja, 311 kwa 310, usiku wa 28 Machi 1979. Ikambidi aitishe uchaguzi, na akashindwa.

Kwetu mfumo ule haukudumu hata mwaka na siku mbili. Mwalimu alijiuzulu 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akaenda kujenga chama vijijini. Rashidi Kawawa akashika usukani, na ni wakati wake Bunge lilipopitisha Katiba ya Jamhuri. Tarehe 9 Desemba 1962 Mwalimu akarudi akiwa Rais mtendaji, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Jirani zetu walifuata njia ile ile. Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu tangu Juni 1963 hadi Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964. Milton Obote, Waziri Mkuu wa Uganda, alimwondoa Rais Mutesa mwaka 1966 akakalia kiti hicho mwenyewe. Zanzibar nayo ilikuwa na Sheikh Muhammad Shamte, aliyeangushwa na Mapinduzi ya Januari 1964, kisha Abdullah Kassim Hanga, aliyeshika cheo hicho kutoka Januari hadi Aprili mwaka huo, mpaka Muungano ulipofika. Waulizeni watoto wa kidato cha nne kama wamewahi kulisikia jina la Hanga. Nitalirudia hili.

Waziri Mkuu alirudi kwetu 17 Februari 1972, na aliyerudi naye ni Kawawa yule yule. Lakini hakikuwa tena cheo kile cha Karimjee. Kilirudi katika zama za madaraka mikoani, kazi yake ikiwa kusimamia utekelezaji: mikoa, wilaya, vijiji. Rais anateua, Rais anatengua, Bunge linapiga makofi. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini.

Najua mnachotaka kunikumbusha hapo: Sokoine. Hakuna mwalimu wa Historia anayefundisha Morogoro anayeweza kumsahau Edward Moringe Sokoine, kwa kuwa alifia mkoani kwetu, Dakawa, 12 Aprili 1984, akitoka Bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, na chuo kikuu chetu cha kilimo kina jina lake. Kila ukiuliza watu Waziri Mkuu mwenye nguvu alikuwa nani, wanamtaja yeye. Vita vya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi viliifanya sauti yake isikike hadi kwenye maduka ya vijijini. Watu walitupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Lakini ulizeni nguvu ile ilitoka wapi. Haikutoka kwenye Katiba, wala haikutoka kwenu. Ilitoka kwa Mwalimu aliyemwamini, na kwa tabia ya mtu mwenyewe. Mwalimu angebadili mawazo asubuhi, hadi jioni Sokoine angekuwa mbunge wa kawaida. Na wale waliokamatwa wakati ule kwa makosa, maana walikuwepo, hawakuwa na mbunge wa kusimama na kumwambia Waziri Mkuu: hapa umevuka mpaka. Tunampenda Sokoine, nami nampenda, ila huwezi kujenga taasisi kwa kutegemea kwamba kila mara atapatikana mtu kama yeye.

Mabadiliko ya 1992, yaliyofungua milango ya vyama vingi, ndiyo yaliyowapa ninyi sehemu yenu. Tangu hapo jina la Waziri Mkuu ni lazima lithibitishwe na Bunge kwa kura nyingi, na Bunge linaweza kumpigia kura ya kutokuwa na imani. Mamlaka hayo mawili ndiyo ninayoyalalamikia kwanza.

1. Bahasha

Kila baada ya uchaguzi mkuu nchi nzima hukaa mbele ya televisheni kusubiri bahasha. Mpambe wa Rais anaingia ukumbini, bahasha inakabidhiwa, Spika anaifungua, jina linasomwa, ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Wanasimama wachache kumsifu aliyetajwa. Kisha mnapiga kura, na siku hiyo hiyo tunatangaziwa matokeo.

Hiyo ni sherehe nzuri, sikatai. Lakini uthibitisho uko wapi? Mnamthibitisha mtu ambaye hamkumuuliza swali hata moja. Mmekuwa kama mjomba anayeitwa siku ya ndoa kuja kula pilau, posa zote zimeshamalizwa. Mwaka 2015 Kassim Majaliwa alipata kura 258 za ndiyo na 91 za hapana, kwa kuwa ukumbini kulikuwa na upinzani wa kutosha. Mwaka 2020 jina lilipita bila kura ya hapana hata moja. Simsemi Majaliwa mwenyewe, mtu mchapakazi na aliyeishika kazi ile karibu miaka kumi. Nawasema ninyi. Waliopiga kura ya hapana 2015 hawakupewa nafasi ya kumhoji, na waliopiga ndiyo 2020 hawakuihitaji.

Wala msiseme muda hautoshi. Ibara ya 51 inampa Rais siku kumi na nne tangu aapishwe ili ateue. Katika siku hizo kumi na nne hakuna kinachozuia jina kuletwa mapema na mteule kukaa mbele ya kamati, milango ikiwa wazi.

2. Alhamisi

Kipindi cha maswali kwa Waziri Mkuu, Alhamisi asubuhi, ni moja ya mambo bora mliyowahi kuingiza kwenye Kanuni zenu. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wakisikilize. Siku za Waziri Mkuu Mizengo Pinda na mpinzani wake Freeman Mbowe kulikuwa na kitu cha kusikiliza: Kiongozi wa Kambi ya Upinzani anauliza la kwanza, anajibiwa, anarudi na la nyongeza, na mara nyingine Pinda anabaki akitafuta maneno. Kipindi kile kilimpa hata Pinda heshima, kwa sababu nchi ilimwona akibanwa na kujitetea.

Sasa kisikilizeni cha leo. Tangu 2020 Bunge halina Kambi Rasmi ya Upinzani. Nusu saa inaanza kwa pongezi, inaendelea na pongezi kwa Rais, halafu linakuja swali la kisima, zahanati au barabara ya jimbo la muulizaji. Visima ni muhimu, kwetu pia maji hukatika. Lakini swali la kisima lina waziri wake. Waziri Mkuu, kwa Ibara ya 52, ndiye mwenye madaraka juu ya udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa siku hata siku wa shughuli za Serikali. Mkimuuliza kisima, hamjamuuliza kazi yake.

3. Kura ya kutokuwa na imani

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Ibara ya 53A inaweka masharti. Hoja iungwe mkono kwa sahihi za asilimia 20 ya wabunge wote. Spika apewe taarifa siku kumi na nne kabla. Isiwe ndani ya miezi sita tangu Waziri Mkuu ateuliwe, wala ndani ya miezi tisa tangu hoja kama hiyo ishindwe. Ikipita kwa wingi wa wabunge wote, Waziri Mkuu ajiuzulu ndani ya siku mbili. Kwa Bunge la watu wanaokaribia 400, sahihi zinazotakiwa zinakaribia 80. Wapinzani wote mliobaki nao humo hawafiki hata robo ya idadi hiyo. Kwa hesabu hiyo, Ibara ya 53A leo ni ya wabunge wa chama tawala peke yao. Wasipoigusa wao, hakuna atakayeigusa.

Historia inatuambia silaha hii inafanya kazi hata kabla haijafyatuliwa.

Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, liliunda kamati teule kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Mwenyekiti wake alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa chama kile kile cha Waziri Mkuu. Taarifa iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu huyo, Edward Lowassa, hakusubiri kura. Alisimama Bungeni akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, akilalamika kuwa hakusikilizwa na kwamba tatizo lilikuwa uwaziri mkuu wenyewe. Aliondoka pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Kwa kuwa Katiba inasema kiti cha Waziri Mkuu kikiwa wazi mawaziri wote nao wanakoma, Rais Kikwete akalazimika kuunda baraza jipya. Yote hayo yalifanyika Dodoma, mchana kweupe, pasipo jiwe kurushwa wala risasi kufyatuliwa.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Lowassa alitolewa kafara. Inawezekana. Kulalamika kwake kwamba hakuitwa kuhojiwa na kamati ni lalamiko zito, na linanipa sababu nyingine ya kuandika barua hii: Bunge likishika madaraka yake mara moja kwa miaka kumi, linayashika kwa papara. Lingekuwa na mazoea ya kumhoji Waziri Mkuu hadharani, mwaka ule angehojiwa kwanza, tukajua kama alistahili kuondoka au aliondokea makosa ya wengine.

Aprili 2012 ikaja nyingine. Baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuanika ubadhirifu, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alianza kukusanya sahihi za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Zilitimia sabini na zaidi. Waliosaini hawakuwa wapinzani tu. Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM wa Ludewa, aliweka sahihi yake waziwazi. Spika Anne Makinda akasema sharti la siku kumi na nne halijatimia na mkutano unakaribia kufungwa, hivyo hoja haikuingia ukumbini. Hata hivyo, mwanzoni mwa Mei Rais alibadili baraza na mawaziri sita wakaachwa. Karatasi za sahihi peke yake zilifanya kazi hiyo.

Baada ya hapo, kimya. Je, tangu 2012 hakuna taarifa ya Mkaguzi iliyostahili sahihi? Mnazisoma kila mwaka, mnajua kilichomo.

4. Naibu asiyekuwamo kwenye Katiba

Hili nitalisema haraka. Mara kadhaa nchi yetu imekuwa na Naibu Waziri Mkuu: Salim Ahmed Salim baada ya kuachia uwaziri mkuu, Augustine Mrema mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Dk. Doto Biteko kuanzia Agosti 2023 hadi 2025. Fungueni Katiba mniambie cheo hicho kiko ibara gani. Bunge halimthibitishi, halina hoja ya kumwondoa, na mipaka ya kazi yake haikuandikwa popote katika Katiba. Mrema aliitumia nafasi hiyo kutoa amri za siku saba nchi nzima, na watu wakafurahi, lakini hakuna aliyeuliza amri zile zilisimama juu ya sheria gani. Kama cheo kinahitajika, kileteni kwenye Katiba. Kama hakihitajiki, kisitumike.

5. Akina mama waliofungiwa mlango

Tumekuwa na mawaziri wakuu kumi na wawili, tukianza na Mwalimu. Wote wanaume. Nchi imeshakuwa na Rais mwanamke na maspika wanawake wawili, lakini kiti hiki bado. Mtasema ni bahati tu. Sehemu yake ni bahati, sehemu yake ni Ibara ya 51, inayotaka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa katika jimbo. Wabunge wanawake walio wengi wako humo kwa viti maalum. Kwa maneno mengine Katiba inawaita Bungeni kwa mkono mmoja na kuwafungia mlango wa uwaziri mkuu kwa mkono wa pili. Naelewa mantiki ya kutaka mtu aliyepigiwa kura na wananchi. Basi vyama viwape wanawake majimbo, hasa yale ya uhakika, badala ya kuwaachia foleni ya viti maalum.

6. Kumbukumbu

Kawawa alituacha Desemba 2009. Lowassa Februari 2024. Msuya, aliyeshika cheo hicho mara mbili katika nyakati tofauti kabisa, 1980 na 1994, alituacha Mei 2025. Kila msiba tunasikia hotuba ndefu, halafu mambo yanaishia makaburini. Nani aliyekaa na Mzee Msuya akamuuliza ilikuwaje kuwa Waziri Mkuu wakati maduka hayana sukari na Shirika la Fedha la Kimataifa linabisha hodi? Nani amemuuliza Mzee Malecela, kwa kirefu na kwa kumbukumbu rasmi, juu ya 1993, yeye akiwa Waziri Mkuu, wabunge 55 walipotaka Serikali ya Tanganyika na Mwalimu akiwa mstaafu akaandika kitabu kizima kumlaumu yeye? Tunao upande wa Mwalimu. Upande wa Waziri Mkuu aliyebanwa kati ya Bunge lake na Rais wake na Baba wa Taifa hatunao, na huo ndio ungewafundisha watoto cheo hiki ni nini hasa.

Na Hanga, na Shamte? Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa ni la lazima mashuleni. Zanzibar iliwahi kuwa na mawaziri wakuu wawili, mmoja aliondolewa kwa mapinduzi na mwingine alikuja kukamatwa miaka michache baadaye na hakurudi nyumbani. Maadili gani tunafundisha tukiruka ukurasa huo?

Mheshimiwa Spika, nafahamu majibu yanayoweza kunijia, nami ningependa kuyatangulia.

Mtaniambia Tanzania si Uingereza, mfumo wetu ni wa Rais mtendaji. Ni kweli, na siombi Rais apunguzwe hata chembe. Naomba mtumie kile kilichomo tayari kwenye Katiba. Congo ina Rais mwenye nguvu, lakini Januari 2021 Bunge la Kinshasa lilimwangusha Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga kwa kura ya kutokuwa na imani. (Ile ilikuwa vita ya kambi ya Tshisekedi na kambi ya Kabila, najua, na haikuwa safi. Nasema tu kwamba jambo lenyewe linawezekana na nchi haikupasuka kwa sababu hiyo.)

Mtaniambia tutakuwa na Serikali ya vichwa viwili, kama ile ya nusu mkate jirani zetu waliyokuwa nayo tangu Aprili 2008 hadi 2013, Mwai Kibaki Rais na Raila Odinga Waziri Mkuu. Wakenya wenyewe walipoandika Katiba ya 2010 waliamua kukiacha cheo hicho. Lakini ile ilikuwa ndoa ya vyama viwili hasimu, iliyofungwa ili damu ikome. Rais na Waziri Mkuu wetu wanatoka chama kimoja.

Mtaniambia mbunge wa chama tawala hawezi kusaini hoja dhidi ya Serikali ya chama chake, kamati ya wabunge wa chama itamshughulikia. Hili ndilo jibu la kweli kuliko yote, na ndilo linalonisikitisha. Margaret Thatcher aliangushwa Novemba 1990 na wabunge wa chama chake. Liz Truss naye, 2022, wiki saba tu, wabunge wa chama chake. Hakuna aliyewaita wasaliti wa taifa. Filikunjombe alisaini 2012 na watu wa Ludewa wakaendelea kumpenda mpaka ajali ilipomchukua 2015. Wapiga kura wenu si wepesi wa kuchukia ujasiri kama mnavyoambiwa.

Na mtaniambia tusubiri Katiba Mpya. Tume ya Jaji Warioba, ambaye mwenyewe alikuwa Waziri Mkuu, iliundwa 2012. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2014. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na bado tunaisubiri. Zaidi ya nusu ya ninayoyaomba hayahitaji Katiba Mpya, yanahitaji Kanuni za Kudumu za Bunge tu, ambazo mnazibadili wenyewe mkitaka.

Kwa hiyo naomba haya.

Kwa Kanuni zenu, katika mkutano wa Bunge ujao: mteule wa uwaziri mkuu ahojiwe na kamati ya Bunge hadharani angalau siku tatu kabla ya kura; kipindi cha Alhamisi kiwe saa nzima, maswali ya majimbo yapelekwe kwa mawaziri husika, na nafasi ya kwanza apewe mbunge wa chama kisichotawala hata kama hakuna Kambi Rasmi; na Waziri Mkuu anayeondoka madarakani, kwa sababu yoyote ile, atoe taarifa Bungeni na kujibu maswali kabla ya kukabidhi ofisi.

Kwa mabadiliko madogo ya Katiba, ndani ya uhai wa Bunge hili: sahihi za hoja ya kutokuwa na imani zishuke kutoka asilimia 20 hadi 10, na kizuizi cha miezi tisa kiondolewe, cheo cha Naibu Waziri Mkuu ama kiandikwe ama kikome.

Na kwa maktaba ya Bunge, jambo lisilohitaji sheria wala kura: mahojiano rasmi, ya kina, yaliyorekodiwa, na kila Waziri Mkuu mstaafu aliye hai. Waanze na walio wazee zaidi, kabla ya mwezi huu kwisha. Mashine ya kurekodi na mtu wa kuishika mnavyo tayari.

Nitashukuru kupata jibu la maandishi linalosema lipi mtalifanya, lini, na lipi mmelikataa na kwa sababu gani. Jibu la kwamba suala linafanyiwa kazi nimeshapata.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia na Uraia,
Morogoro.

Nakala: Ofisi ya Waziri Mkuu, Katibu wa Bunge, wabunge wote wa Mkoa wa Morogoro, walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili, popote walipo.